Ana Miezi Minane, na Tayari Ni Mzee

Jamani, wiki hii naweka kando siasa na bei ya unga. Nataka kuwaambia habari ya samaki. Najua wengine mshaanza kucheka, lakini nisomeni mpaka mwisho kisha mcheke.

Mwishoni mwa Februari, mzee mmoja wa Mtwapa anayefuga samaki wa pambo alinitumia picha kwenye simu. Samaki wawili, dume na jike, kwenye tangi dogo lenye maji rangi ya chai. Chini yake akaandika: "Hawa ndio wa mwisho nilionao. Elfu nne wote wawili. Dume ameshakuwa mzee, nakwambia mapema usije ukasema nimekuuzia maiti."

Nikamuuliza dume ana miaka mingapi.

Akajibu: "Miezi minane."

Nilidhani amekosea kuandika. Mimi tangi langu la kwanza nililipata nikiwa kidato cha pili, na samaki wangu mmoja wa dhahabu ana miaka minne na bado anagombania chakula kama mtoto. Miezi minane ni mtoto wa kunyonya. Lakini mzee hakukosea, na ndiyo maana hii habari ilininyima usingizi karibu wiki nzima.

Wacha nieleze samaki mwenyewe kwanza.

Nyinyi mliokulia huku kwetu, kuanzia Malindi mpaka Mtwapa, mnayajua yale madimbwi yanayojaa mvua ya masika ikipiga. Yako kando ya barabara, mashambani, kwenye mabonde ya mpunga. Yanakaa miezi miwili mitatu, watoto wanayachezea, ng'ombe wanakunywa, kisha jua linakausha kila kitu mpaka udongo unapasuka. Mwaka unaofuata mvua inarudi, na baada ya wiki chache ndani yake mna visamaki. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa vinanyesha na mvua. Mimi niliamini hivyo mpaka juzi juzi.

Havinyeshi. Viko pale pale siku zote. Samaki hawa, ambao wataalamu huwaita Nothobranchius, hutaga mayai ndani ya tope. Dimbwi likikauka wazazi wote hufa, lakini yai hubaki udongoni likiwa limelala. Halilali tu kama mbegu, linajisimamisha kukua, linasubiri. Linaweza kusubiri miezi mingi, hata zaidi ya mwaka mvua ikikosa. Maji yakifika, vitoto hutoka ndani ya saa chache, halafu hapo ni mbio. Ni lazima wale, wakue, waoane na kutaga kabla dimbwi halijakauka tena. Ndugu yao mmoja wa Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, wataalamu walimkuta porini akiwa tayari kuzaa baada ya siku 14 tangu atoke yaini. Siku kumi na nne! Mimi siku kumi na nne sijamaliza hata kuhariri video moja.

Kwa hiyo mwili wao umeumbwa kwa maisha mafupi. Hata ukimtoa dimbwini ukamweka kwenye tangi lenye maji kila siku na chakula kila siku, bado anazeeka upesi. Rangi inafifia, mapezi yanachanika, anakonda, mgongo unapinda. Wengi hawafiki mbali zaidi ya mwaka. Hesabu yake si hesabu yetu. Miezi minane kwake ni mzee wa kuamkiwa shikamoo.

Na hawa wa yule mzee si wa kawaida. Hawa ni aina ya Kikambala, Nothobranchius interruptus, iliyoandikwa na wataalamu mwaka 1979 kutokana na samaki waliotoka hapo hapo Kikambala, Kaunti ya Kilifi. Kikambala! Pale unapopita na matatu ukienda Mombasa, hata huangalii dirishani. Eneo lao duniani ni kipande hiki kidogo cha pwani yetu. Na wafugaji wa Ulaya wanawajua. Wanatumiana mayai kwa posta yakiwa kwenye mfuko wenye udongo wa unyevunyevu, na juu ya mfuko wanaandika jina la mahali samaki alipotoka. Yaani kuna mtu Ujerumani ana jina la Kikambala kwenye rafu nyumbani kwake, na mimi mtoto wa Shella, Malindi, niko mwendo wa saa mbili kutoka hapo na sikuwahi kulisikia likihusishwa na kitu chochote isipokuwa hoteli.

Sasa niwe mkweli. Sikumtaka yule samaki kwa sababu ya mapenzi tu. Nilimtaka kwa sababu ya video. Nilishaiona kichwani: "Samaki adimu kutoka Kilifi ambaye anazeeka ndani ya miezi." Ningepata watazamaji, tena wa nje. Elfu nne nilikuwa nayo, nilikuwa naiweka ninunue maikrofoni, kwa sababu nyote mmeshanilalamikia upepo wa baharini kwenye video zangu. Kwa hiyo ilikuwa maikrofoni ama samaki mzee. Nilijiambia samaki ni uwekezaji.

Nikapanda matatu nikaenda Mtwapa kumuona.

Yule mzee anakaa nyumba ya chini yenye baraza. Mlangoni kulikuwa na maboksi yamefungwa kamba. Macho yake yamepungua nguvu, na binti yake anamchukua akakae naye Nairobi mwisho wa Machi, kwenye nyumba ya ghorofani. Matangi hayaendi. Aliyokuwa nayo kumi na moja ameshagawa na kuuza, limebaki moja.

Nilimsalimia, akanitengea kiti, akanipa kahawa, na hakusema kitu. Akaniacha niangalie.

Dume alikuwa amesimama pembeni karibu na mzizi. Mgongo umepinda kidogo kama mtu aliyebeba gunia miaka mingi. Pezi la mkia limechanika. Kwenye picha za intaneti samaki hawa ni buluu ya kung'aa na magamba yenye ukingo mwekundu. Huyu buluu yake ilikuwa imebaki kama ya kanga iliyofuliwa mara mia. Tumbo limeingia ndani. Nikasema moyoni, elfu nne kwa huyu? Huyu hata kwenye video hatokei.

Kisha jike akapita. Jike wao hana rangi, ni wa kahawia tu, ungemuona sokoni usingegeuka. Akapita chini karibu na bakuli la udongo. Yule dume akageuka. Akafungua mapezi yote, yaliyochanika na yaliyobaki, akatetemeka mwili mzima, akamfuata polepole mpaka kwenye bakuli. Rangi ikapanda kidogo, nusu dakika hivi. Kisha akarudi pembeni kwenye mzizi wake, akipumua haraka.

"Bado anajitahidi," mzee akasema. "Lakini sijui mayai yake mangapi yanashika sasa. Ya mwisho niliyoweka yaliota ukungu, nikayatupa yote. Macho yangu hayaoni tena lipi zima na lipi bovu."

Nikamuuliza kama atapunguza bei kwa vile dume ni mzee. Ndugu zangu, sisi tumelelewa kupatana bei, hata kwa kiberiti. Akacheka.

"Mwanangu, mimi sikuuzii siku zake. Siku zake zimekwisha, hata bure ni ghali. Nakuuzia kazi. Ukiitaka kazi ni elfu nne. Kama hutaki, usinunue, wala sitakasirika."

Nikamwambia nitafikiria. Akanipa mpaka Ijumaa.

Nimerudi Shella, nikaanza kuuliza watu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Binamu yangu aliona ni ujinga mtupu. Yeye anauza simu, kila kitu kwake kina bei ya kuuzia tena. "Kitu cha zamani kinapanda bei kama kinaweza kukaa," akaniambia. "Hicho chako kinaoza. Kama unataka samaki adimu nunua anayeishi." Na ana hoja. Watu wanaponunua samaki wa bei kubwa wanatazamia kukaa naye. Kule Chicago, kwenye hifadhi ya samaki ya Shedd, kulikuwa na kamongo wa Australia waliyemwita Granddad. Alifika 1933 na akafa 2017. Watu walipelekwa kumuona wakiwa watoto, wakaja kuwapeleka wajukuu wao. Huyo ukimpata, unamwandika kwenye wosia.

Na hapa kwetu Malindi, nendeni mkaone pale makumbusho, mbele ya bahari. Kuna samaki mkubwa, silikanti, aina iliyonaswa na meli ya uvuvi nje ya Malindi mwaka 2001. Dunia ilidhani samaki hao walishatoweka zamani za mijusi wakubwa, mpaka mmoja akapatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2021 watafiti walisoma magamba yao wakasema wanaweza kuishi karibu miaka mia. Nilikwenda kumtazama wiki ile ile, nikasimama pale mbele yake kama mtu aliyekwenda kuomba ushauri. Huyu miaka mia, yule wa Mtwapa mwaka mmoja. Wote adimu, na wote wa kwetu. Lakini nikagundua kitu: huyu wa makumbusho hakuna anayeniuliza nitamfanyia nini. Namtazama, naondoka. Yule mwingine ananitaka nifanye kitu, tena kabla ya Ijumaa.

Rafiki yangu mmoja, anayesoma mambo ya mazingira, alinipinga kwa upande mwingine. Aliniuliza, "Una hakika hawakuvuliwa dimbwini? Ukilipa elfu nne leo, kesho vijana watano watakuwa Kikambala na nyavu za mbu." Swali zuri sana, na kila anayetaka kununua samaki adimu anapaswa kuliuliza kabla ya kuuliza bei. Samaki wa pambo si dagaa, biashara ya kuwavua Kenya ina leseni zake. Na dimbwi ni dogo, kijiji kizima cha samaki kinaweza kutoshea kwenye ndoo mbili. Nikampigia mzee. Akaniambia hawa amewatoa kwenye mayai mwenyewe, na wazazi wao vile vile, na babu zao vile vile, miaka mingi. Wa kwanza alipewa na mfugaji mwenzake aliyekwisha kufariki. Akanitumia picha za daftari lake, tarehe kwa tarehe: mayai yaliwekwa lini, yalimwagiwa maji lini, walitoka wangapi. Kurasa za nyuma mwandiko umekuwa mkubwa mkubwa, wa mtu ambaye haoni vizuri.

Rafiki yangu alipoona lile daftari alinyamaza. Kisha akasema jambo jingine: nyavu si hatari kubwa kuliko zote kwa samaki hawa. Ukifikiria, dimbwi halihitaji kuvuliwa ili liishe. Linahitaji lori moja la kifusi. Na nyie mnaona jinsi ploti zinavyokatwa barabara nzima ya Mombasa. Hakuna atakayelia kwa sababu kiangazi pale panaonekana ni shimo kavu. Utamwambiaje mwenye ploti kwamba chini ya udongo wake mna samaki wamelala? Atakuona umevuta kitu.

Halafu nikamuuliza nyanya. Nyanya yangu ni mtu mzima sana, na hapendi samaki asiyeliwa. Kila siku ananiuliza tangi linakula tokeni ngapi za stima. Nilimwambia habari yote, nikitegemea atanikataza, na mimi nipate sababu ya kununua maikrofoni yangu kwa amani.

Akauliza, "Huyo mzee anahama?"

"Anahama, nyanya."

"Na huyo samaki dume anakufa?"

"Anakufa karibuni."

"Na ukimnunua hatakufa?"

"Atakufa tu."

Akanyamaza, akiendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Basi wewe huulizi habari ya samaki. Unauliza kama utaweza kukaa na jike na mayai baada ya watu kuacha kukutazama." Akarudi kwenye mchele wake.

Nilikasirika kidogo, maanake alikuwa amenipata. Video ya samaki mzee ni siku moja. Watu watasema "maskini", watapiga mioyo, basi. Kazi ya mayai ni miezi, na hakuna cha kuonyesha. Ni mfuko wa unga wa makumbi ya nazi chini ya kitanda. Nani atatazama mfuko?

Usiku ule nilifanya hesabu vile ninavyodhani kila mtu anapaswa kuifanya, na nitawapa hapa, kwa sababu wengi mnaniandikia mkiuliza mnunue samaki gani.

Kwanza, ukimnunua samaki mzee usijidanganye kwamba unamuokoa. Safari yenyewe ni shida: mfuko, joto, matatu, maji mapya. Kijana anavumilia, mzee huenda asifike. Kama lengo lako ni kumwonea huruma, pengine huruma ni kumwacha kwenye maji anayoyajua. Kwa yule wa Mtwapa hilo halikuwezekana, kwa sababu tangi lenyewe lilikuwa linaondoka. Kama mwenyewe asingekuwa anahama, ningemwambia mzee abaki na dume wake afie kwake, mimi nisubiri mayai.

Pili, jiulize unachonunua kitabaki nini samaki akifa. Kwa samaki wengi hakibaki kitu, na hapo ni sawa kabisa kusema bei ni kubwa mno. Kwa hawa, kinachobaki ndicho kitu chenyewe. Wao tangu zamani hawaishi kwa miaka ya mtu mmoja, wanaishi kwa kupokezana. Dume wa miezi minane ambaye bado anatetemeka mbele ya jike wake ana thamani kuliko kijana mzuri wa kupigwa picha asiyekuwa na jike.

Tatu, una uwezo wa kuendelea? Mimi nilikuwa na vitu vitatu bila kujijua. Maji ya kisima chetu Shella yana chumvichumvi, na yule mzee aliniambia chumvi kidogo inawakinga na ugonjwa wa vumbi unaowaua sana samaki hawa. Makumbi ya nazi tunayo, unayachemsha mpaka yaache rangi, unayasaga, yanakuwa kitanda cha mayai. Na chakula cha vitoto, wale artemia wadogo kama nukta, wako kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi, upande wa Gongoni. Walipandikizwa huko miaka ya 1980, mbegu yake ikiwa imetoka Marekani. Yaani Mzungu anaagiza kila kitu kwa posta, mimi nimekizungukwa nacho. Nilichokosa ni uvumilivu tu.

Na la nne, ambalo ni gumu zaidi: je, unakubali kushindwa? Maana inawezekana kabisa dume asishikishe hata yai moja, na elfu nne ikaenda, na ukawa huna samaki wala maikrofoni.

Alhamisi nilimpigia mzee nikamwambia nakuja. Sikupatana bei.

Tulimtia kila mmoja kwenye mfuko wake na maji ya tangi lao, tukaweka kwenye kiboksi cha barafu bila barafu, ili joto la matatu lisiwafikie. Mzee akanipa na lile daftari. Nikamwambia hilo ni lako, baki nalo ukumbuke. Akasema, "Silioni tena. Litakufaa wewe." Aliposhika mlango aliuliza jambo moja tu: nikitoa watoto nimpigie, hata usiku. Na akanionya nisije nikatia huruma nikawamwaga kwenye dimbwi lolote la huku Malindi. Kila dimbwi lina wenyewe, na damu ikishachanganyika haichanganuliwi tena.

Dume aliishi kwetu siku 19.

Siku mbili za mwanzo hakula. Siku ya tatu alikula viluwiluwi vya mbu nilivyovichota kwenye pipa la jirani, na nyanya akasema angalau sasa ana faida. Wiki ya pili alikuwa anaogelea ameinamisha kichwa, anakosa chakula kilicho mbele yake, anageuka nyuma anakitafuta. Nilisoma kwamba kule Cologne, Ujerumani, kwenye taasisi ya Max Planck inayochunguza uzee, wanamfuga yule ndugu yao furzeri kwa sababu hii hii: anazeeka kama sisi, lakini ndani ya miezi, kwa hiyo mtafiti mmoja anaweza kuona vizazi vingi. Mwaka 2017 walichapisha kwamba furzeri wa makamo waliopewa vijidudu vya tumboni vya samaki vijana waliishi zaidi ya wenzao. Kwa hiyo siku moja dawa ya bibi ya mtu huenda ikatoka kwenye samaki wa dimbwi kama hawa. Ukoo mmoja na hawa wetu tunaowamwagia kifusi.

Lakini sikuwa na maabara. Nilikuwa na dume mmoja aliyepinda mgongo, na kila asubuhi kabla sijashika simu nilikwenda kuangalia kama bado yuko. Asubuhi ya ishirini hakuwako. Alikuwa chini, kando ya bakuli la makumbi, rangi yote imeondoka.

Video sikuitoa. Nilipiga, ninayo, dume anatetemeka na mapezi yake yaliyochanika. Siku nitakayoitoa nataka iwe na sehemu ya pili, na sehemu ya pili sijui kama ipo.

Jike bado anaishi. Mayai niliyakusanya mara mbili dume akiwa hai. Mfuko wa kwanza nimeuandika 14 Machi, wa pili 22 Machi. Yai ni dogo kuliko punje ya mtama, liko kama kioo. Baya linageuka jeupe na kuota ukungu, na unalitoa kwa ncha ya sindano kabla halijaambukiza wenzake. Kwenye mfuko wa kwanza nilihesabu mayai 43, yamebaki 26. Wa pili yalikuwa 15, yamebaki 12. Mzee aliniambia nisimwage maji kabla sijaona macho: yai likiwa tayari, ndani yake unaona macho mawili yenye duara la dhahabu, yanakutazama. Huenda ikawa Agosti, huenda ikapita.

Kuna walioniandikia kuuliza kama najuta. Upepo bado unaingia kwenye sauti zangu, mnausikia. Nilijuta kidogo ile asubuhi ya ishirini, nilipomtoa dume kwa kijiko. Nilijihisi nimenunua msiba. Lakini kama mngeniuliza nimelipa elfu nne kwa samaki wa siku 19, ningesema hapana. Nililipa ili lile daftari lisiishie Mtwapa. Ukurasa wa mwisho wa mwandiko mkubwa mkubwa umefuatwa na ukurasa wenye mwandiko wangu mimi, mbaya, lakini wa mtu anayeona.

Kwa hiyo mtu akikuuzia samaki mzee, adimu, usimuulize amebakisha siku ngapi. Muulize kama jike yupo, daftari liko wapi, na kisha jiulize mwenyewe utakuwa unafanya nini mwezi wa tano baada ya kufa kwake. Kama huna jibu, nunua maikrofoni. Hakuna aibu.

Nyanya bado hapendi samaki asiyeliwa. Lakini kila Ijumaa baada ya sala, kabla hajaniuliza habari ya stima, ananiuliza kwanza, "Wameshatoa macho?"

Bado, nyanya. Jana usiku nilimulika mfuko wote kwa tochi ya simu. Bado.